Ufundi wa Kuuliza Mara Moja

Takwimu za mwezi za vituo vya afya vya Masisi na Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yaani wangapi wameugua malaria, wangapi wamechanjwa surua, hupanda hadi ofisi kuu za zoni za afya kama Kirotshe, Mweso, Pinga na Itebero. Huko huingizwa katika DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumiwa na wizara ya afya ya Kongo. Imeandikwa kwa Java, nayo huzungumza na hifadhidata kupitia Hibernate, ambayo Gavin King aliianzisha mwaka 2001.

Mpangilio wa afya wa Kongo ni mrefu: mikoa 26, zoni 519, chini yake maeneo ya afya, kisha vituo. Ukiiomba Hibernate zoni moja, kwa kawaida haikuletei matawi yake yote papo hapo, hungoja uyatake. Uvivu huo una busara. Tatizo huzuka ukurasa unapoyataka baada ya kikao na hifadhidata kufungwa: LazyInitializationException, na ukurasa haufunguki.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa kweli. Mwenye papara huamuru kila kitu kiletwe mapema. Kosa hutoweka, lakini anayetaka jina la zoni tu anabebeshwa matawi yake yote. Mwingine hukiacha kikao wazi mpaka ukurasa umalizike. Kosa hunyamaza, ila orodha ya maeneo 20 pamoja na vituo vyake sasa huzaa maswali 21 kwa hifadhidata, kama mtu anayerudi sokoni kwa kila yai. Kwenye kompyuta yake, yenye data kidogo, hatalihisi tatizo hilo.

Fundi mvumilivu huiamuru Hibernate ichapishe kila SQL, yaani kila swali inalolituma kwa hifadhidata, akaisoma mstari kwa mstari, akahesabu. Hutafuta ukurasa unahitaji nini hasa, akaandika swali moja lenye JOIN FETCH, linaloleta hayo yote pamoja, kwa ajili ya ukurasa huo tu, na uhusiano wenyewe akauacha ubaki mvivu. Majina yakitosha, huchukua majina matupu. Kinachonivutia zaidi ni hiki: huweka jaribio linalohesabu maswali, ili siku mwenzake atakapoyaongeza bila kujua, jaribio lishindwe kabla ya mtumiaji kuteseka.

Kwa mtunza takwimu wa Walikale mwenye mtandao dhaifu, ukurasa mwepesi ndio utakaofunguka kabla laini haijakatika. Ninyi mnaoandika programu za afya, yahesabuni maswali yenu kabla hamjazipeleka kwenye seva.