Kuli na Mnada wa Ujira: Maoni Juu ya Kuisoma Riwaya Katika Gitega na Muyinga

Riwaya ya Kuli, iliyoandikwa na Adam Shafi Adam na kuchapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979, imekwisha kuzungumzwa sana na wahakiki. Wengi wameisifu kwa jinsi inavyomwonyesha Rashidi, mtoto wa kuli aliyeingia naye katika kazi ya bandari ya Unguja, akikua kifikira mpaka akasimama na wenzake katika mgomo. Sifa hizo ni za haki, wala hatukusudii kuzipinga. Tunakusudia kuuliza swali moja tu. Je, mwalimu anayeisoma riwaya hii pamoja na wanafunzi wa Gitega au Muyinga, nchini Burundi, aseme nini juu ya mtu anayekubali kufanya kazi kwa ujira mdogo kuliko ule anaoutaka mwenzake?

Swali hili si la vitabuni tu. Wanafunzi wa miji hiyo wanawafahamu watu wanaotafuta kazi ya kutwa penye ujenzi: kuchanganya udongo, kubeba matofali, kuwa saidia fundi, ambao Warundi huwaita abayede. Tuchukulie kwamba kazi ni ya watu watatu na waliofika ni kumi. Mmoja ataka faranga elfu sita. Wa pili, kwa kuogopa kurudi nyumbani mikono mitupu, asema elfu tano. Wa tatu asema nne. Huu ni mnada, lakini ni mnada uliopinduliwa. Katika mnada wa kawaida kitu ni kimoja na wanunuzi ni wengi, kwa hiyo bei hupanda. Hapa mnunuzi ni mmoja na wanaojiuza ni wengi, kwa hiyo bei hushuka. Naye mnunuzi hana haja ya kusema neno. Wauzaji wenyewe humfanyia kazi ya kupunguza.

Katika madarasa mengi jibu la swali letu hutolewa upesi. Aliyesema nne huitwa msaliti wa tabaka lake, methali ya umoja ni nguvu huandikwa ubaoni, na somo huishia hapo. Kwa maoni yetu jibu hilo halitoshi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliyetaja elfu nne hakuwaleta watu kumi mahali penye kazi ya watatu. Hata akifukuzwa, yuko wa nne nyuma yake ambaye watoto wake nao hawakula jana. Kumlaumu yeye ni kumlaumu mjumbe kwa habari aliyoileta.

Historia yenyewe inatusaidia kulifahamu jambo hili. Mgomo wa Unguja wa mwaka 1948, ambao ndio msingi wa riwaya, ulitanguliwa na migomo ya Mombasa na ya Dar es Salaam mwaka 1947. Katika miji yote mitatu watu wa bandari walikuwa mstari wa mbele, na sababu yake haikuwa ushujaa peke yake. Meli haiwezi kungoja, na wapakuaji wote hupita lango moja. Penye lango moja watu huonana, hujuana, na wakikataa, kukataa kwao huonekana. Tena, baada ya migomo, huko Mombasa katika miaka ya 1950 vibarua wa bandarini waliandikwa katika daftari, na kazi ikagawiwa walioandikwa. Mnada wa asubuhi ulivunjwa na daftari, si kwa mahubiri. Lakini tusisahau kwamba daftari huwa na ukurasa wa mwisho. Ambao majina yao hayakuingia walibaki nje.

Hapa ndipo tunapouona upungufu wa Kuli, ikiwa tunaruhusiwa kuuita hivyo. Riwaya inamtazama mtu aliye ndani ya lango zaidi kuliko aliyebaki nje. Gitega na Muyinga hazina bandari wala lango moja. Kila nyumba inayojengwa ina mwajiri wake na mapatano yake, na watu walioshirikiana leo kesho hawatakutana. Kuwaambia watu hao wagome ni kuwapa dawa ya ugonjwa mwingine.

Je, sheria? Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa nchini Burundi mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku katika Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwingineko, Muyinga ikiwemo. Kiwango hicho kilidumu kwa zaidi ya miaka 30 bila kubadilishwa, hali thamani ya fedha ikiendelea kuanguka. Kufikia mwaka 2015, faranga 160 zilikuwa sawa na senti 10 hivi za Marekani. Kima cha chini kimekusudiwa kuwa sakafu ambayo mnada hauwezi kuipita. Sakafu hii ilizama mno hata hakuna aliyeigusa kwa mguu.

Walimu wa lugha tunalo jambo la kuongeza hapa. Neno kibarua lilitokana na barua: ni ile karatasi ndogo ambamo siku za kazi za mtu zilihesabiwa. Manamba, jina walilopewa watu wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakiwamo wengi waliotoka Urundi, lilitokana na namba. Majina hayo yanadhalilisha, kwa kuwa yanamfanya mtu kuwa karatasi au tarakimu. Hata hivyo yanashuhudia kwamba mtu huyo aliandikwa mahali fulani, na siku yake ya kazi ingeweza kudaiwa. Anayejiuza kwa elfu nne leo huitwa kibarua, lakini barua hana.

Basi tunashauri kwamba Kuli iendelee kusomwa, na kwamba mwalimu asiishie kwenye mgomo. Awape wanafunzi kazi ya kuandika mazungumzo ya wale watu kumi, na kila mmoja apewe sababu zake, pamoja na yule wa elfu nne. Kisha awaulize ni kitu gani kingewawezesha wote kumi kutaja bei moja: daftari, chama cha akiba, au sheria yenye kima kinachofuata bei za sokoni. Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo kwa Kiswahili safi atakuwa ameielewa riwaya. Na huenda baba yake ni mmoja wa wale kumi. Ni vema asitoke darasani akiamini kwamba mwalimu amemwita msaliti.