Pembetatu Mraba na Nduguze: Uhakiki wa Istilahi za Jometri

Katika makala haya tunakusudia kuzipima istilahi za jometri zinazotumika shuleni, si kwa kigezo cha usanifu peke yake, bali pia kwa kigezo cha mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Mtoto wa Kenyamonta, mkoani Mara, huenda nyumbani akazungumza Kingoreme au Kikuria. Katika shule ya msingi hufundishwa Hisabati kwa Kiswahili, na aingiapo kidato cha kwanza hukuta dhana zile zile zimevikwa Kiingereza. Mtihani unapokaribia hujiona hana njia ila kukariri. Lakini jambo lililokaririwa bila kueleweka hupotea mara swali linapogeuzwa kidogo. Je, istilahi zetu humpunguzia mzigo huo, au humwongezea?

Zipo zinazoupunguza. Umbo lenye kitako cha duara na ncha moja limeitwa pia, jina la mchezo ambao watoto huuzungusha chini kwa kamba. Upande mrefu wa pembetatu yenye pembe ya nyuzi 90 huitwa kiegama, kutokana na kitenzi egama. Aliyewahi kuona ngazi imeegemezwa ukutani amekwisha kuona kiegama. Istilahi za namna hii hujifafanua zenyewe. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo, kwa kuwa majina mengi ya jometri katika lugha yake yametoka katika Kiyunani, na kwake ni sauti tupu mpaka afafanuliwe.

Hata hivyo, sifa hizo zisitufumbe macho. Pembetatu yenye pande mbili zilizo sawa huitwa pembetatu pacha. Msikilizaji mgeni anaweza kudhani kwamba ni pembetatu mbili zinazofanana, na hiyo ni dhana nyingine kabisa. Wayunani waliiita kwa neno lenye maana ya miguu sawa, wakaonyesha bila utata ni kitu gani kilicho sawa.

Kasoro kubwa zaidi imo katika istilahi pembetatu mraba. Mraba ni neno la asili ya Kiarabu lenye mzizi wa nne, nasi twalitumia kwa umbo la pande nne sawa na pembe nne sawa. Pembe mraba inaweza kutetewa, maana ni pembe ya mraba iliyoachiwa kiunganishi. Lakini pembetatu haiwezi kuwa mraba: jumla ya pembe zake ni nyuzi 180, na za mraba ni nyuzi 360. Mwanafunzi anayefikiri ndiye atakayetatizwa. Asiyefikiri atakariri na kupita. Istilahi inayomwadhibu mwenye kufikiri haifai. Twapendekeza pembetatu ya pembe mraba. Tunajua kwamba istilahi hupendelewa iwe fupi, lakini ufupi unaopotosha maana si akiba.

Trapeza na rombasi ni maneno ya kukopa. Hatuyapingi, kwa kuwa kukopa ni desturi ya lugha zote. Neno uhandisi lenyewe limetokana na neno la Kiarabu ambalo lilitumika pia kwa maana ya jometri. Tunachosema ni kwamba neno la kukopa humtaka mwalimu atoe maelezo zaidi, wala asitarajie neno limfanyie kazi.

Hapa ndipo tunapoligeukia suala la maandalizi. Badala ya kuwapa wanafunzi orodha ya fasili, mwalimu anaweza kutumia kitendawili. Mmoja asema, “Kitendawili!” Wenzake waitikie, “Tega!” Naye aseme, “Nina pande nne sawa, wala sina pembe mraba hata moja.” Jibu ni rombasi, atakayeshindwa atoe mji. Mwingine ategue hiki: “Mimi ni msambamba, na pembe zangu zote ni mraba.” Wengi watajibu mstatili. Akitokea wa kujibu mraba, mwalimu asimnyamazishe, kwani mraba nao ni mstatili. Mabishano yatakayozuka hapo ndiyo jometri yenyewe. Katika kidato cha kwanza jibu litolewe kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, ili neno geni lifungwe kwenye dhana inayojulikana.

Aidha, wanafunzi watoke nje. Kamba iliyogawanywa kwa mafundo katika sehemu 12 zilizo sawa, ikivutwa kwa pande za sehemu 3, 4 na 5, hutoa pembe mraba. Mafundi hutumia hesabu hiyo hiyo kuupatia msingi wa nyumba kona zake. Kigingi na kamba huchora duara la nyumba ya msonge, ambayo kuta zake ni mche duara na paa lake ni pia. Aliyeyapima hayo kwa mikono yake hatayasahau katika chumba cha mtihani.

Kwa hiyo twawaomba walimu waandike kila istilahi inayowakwaza wanafunzi wao, pamoja na kosa ambalo mwanafunzi hulifanya kwa sababu yake, wazipeleke kwa waundaji wa istilahi. Wafasiri wa vitabu nao wasilichukue neno kwa kuwa limo katika orodha tu. Istilahi hupitishwa mezani, lakini hupimwa darasani.