Kiwiko cha Kushoto: Paa la Turubai Lililotengenezwa Lubudi Bila Kuchomelewa

Gari lenyewe ni dogo, la milango miwili, na paa lake la turubai hukunjwa kwa mkono, halina mota. Lilifika katika gereji moja ya Lubudi likiwa limefungwa kamba iliyopitishwa madirishani ili upepo usilifumue paa. Komeo la kulia lilishika vizuri kwenye fremu ya kioo cha mbele. La kushoto lilining'inia, limepungukiwa na kama vidole viwili. Juu ya mlango wa dereva, kwenye kiwiko, pale vyuma vya ubavuni vinapojikunja, ribiti ilikuwa imekatika na bapa moja la chuma limepinda. Mwenye gari alikuwa na ombi moja: “Papa fundi, uchomelee tu pale, mvua iko karibu.”

Fundi hakuchomelea. “Nikichomelea hapa, baba,” alimjibu, “paa halitakunjika tena.” Nimekuwa nikiufikiria uamuzi ule tangu siku hiyo, kwa sababu katika mkoa huu wa Lualaba kuukataa moto wa kuchomelea si jambo dogo.

Ukanda huu umefunzwa ufundi na migodi. Tangu Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, hadi kutaifishwa mwaka 1967 na kuzaliwa kwa kampuni tunayoijua leo kama Gécamines, vijana wengi wa Kolwezi na Likasi waliingia katika ufundi kupitia karakana za chuma kizito: ndoo za kuchimbia, mabodi ya malori, mabehewa, mabomba. Huko kuchomelea ndiyo tiba halali. Ndoo ikipasuka, bamba limezidiwa na mzigo. Unasafisha ufa, unaujaza, unaongeza kiraka, kazi inaendelea. Bamba la ndoo halina haja ya kusogea likiwa peke yake. Fremu ya paa la turubai ni kitu cha aina nyingine kabisa. Kila sehemu yake ipo ili isogee, na kilichokatika hapa ni pini ya kiungo. Ukikijaza kiungo chuma kilichoyeyuka umetengeneza fimbo.

Tuitazame fremu yenyewe. Juu kuna pinde zinazokatiza gari kutoka ubavu hadi ubavu na kulibeba turubai. Mbele kuna boriti yenye makomeo mawili. Kila ubavuni kuna vyuma vilivyounganishwa kwa pini, na chini, nyuma ya mlango, kuna pini kuu inayoishikiza fremu yote kwenye bodi. Moyo wa mtambo ni mabapa mawili yanayokwenda sambamba, moja likibeba uzito na jingine likiongoza mwendo. Pamoja na bodi na chuma cha juu yanafanya umbo la pembe nne linalojikunja. Njia ambayo paa litapita hewani imeandikwa katika jambo moja tu: umbali kati ya pini na pini. Unene wa bapa si hoja kubwa, rangi si hoja. Umbali huo ukibadilika, paa linapita njia nyingine.

Na njia hiyo hubadilika kwa kiasi kinachoshangaza. Chukua chuma chenye pini mbili zilizoachana sentimita 10, na ncha yake ya mbele iwe sentimita 80 kutoka pini ya kwanza. Tundu la pini ya pili likilika milimita 1 tu, ncha ya mbele inaweza kusogea milimita 8. Kiungo cha mbele kikiwa nacho kimelika, kosa lake linaongezwa juu ya hilo. Kwa hiyo komeo lililopungukiwa na vidole viwili halimaanishi kwamba kuna chuma kilichofupika kwa vidole viwili. Hapo ndipo wengi hukosea: hurefusha ndoano ya komeo, wanalivuta paa kwa nguvu hadi lishike, na ule mvuto unahamia kwenye ribiti iliyokwisha kuchoka.

Kabla ya kugusa chochote, fundi alipima bodi. Alivuta kamba kutoka kona ya juu ya kulia ya fremu ya kioo hadi pini kuu ya kushoto, kisha kona ya kushoto hadi pini kuu ya kulia. Urefu ukawa sawa. Alitazama pia mwanya wa milango, kama unafanana juu na chini, maana gari lisilo na paa la chuma hutegemea sakafu na chasisi pekee kushikilia umbo, na barabara zetu za makorongo zinaweza kuilegeza. Mwanya ulikuwa sawa. Bodi ikaondolewa kwenye orodha ya washukiwa, na hatua hiyo ilihitaji kamba tu.

Kisha alilifungua turubai kutoka boriti ya mbele na ubavuni, akaliacha likishikwa nyuma tu, na watu wawili wakaikunja fremu tupu polepole, mmoja kila upande. Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Fremu tupu, hata yenye ribiti iliyokatika, ilikwenda kwa ulaini ikiwa imeshikiliwa pale kwenye kiwiko. Turubai lilipowekwa tena na kukunjwa, upande wa kushoto uligoma ukiwa nusu ya njia. Maana yake chuma hakikuwa mkosaji wa kwanza. Kitu kilikuwa kinaingia katikati.

Kitu hicho kilikuwa mshono. Turubai la kiwandani lilikwisha kuchanika, na mwenye gari, kama wengi wa hapa wangefanya, alishonewa jipya kutoka turubai la lori, lile linalofunika mizigo ya malori yaendayo Kasumbalesa. Ni kitambaa imara, nyuzi za poliesta zilizopakwa plastiki nzito, na kwa kazi yake halina mpinzani. Lakini halinyumbuki kama kitambaa cha paa, na upindo wake, uliokunjwa mara mbili na kushonwa, ni mnene sana. Mshonaji aliupitisha upindo huo juu kabisa ya kiwiko. Kila paa liliposhushwa, mshono uliingia kati ya mabapa mawili kama kokwa kati ya meno ya koleo, na kwa kuwa kokwa halikuvunjika, koleo ndilo lililopinda. Mkanda wa ndani ambao kazi yake ni kuuvuta upinde wa nyuma ili turubai litoke njiani mapema haukuwa umerudishwa wakati wa kushona.

Kwa nini kushoto? Kwa sababu usukani uko kushoto. Dereva hulishusha paa akiwa ameketi, kwa mkono mmoja, kutoka upande wake, na fremu yote husokotwa kidogo kabla upande wa kulia haujaanza kufuata. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi, ambalo likichanganyika na grisi husaga chuma kama msasa, na unaelewa kwa nini tundu la kushoto lilikuwa na umbo la yai.

Magari yenye mota za paa huugua ugonjwa huu kwa ukali zaidi. Plymouth ya mwaka 1939 ndiyo iliyoleta paa la turubai linalojiendesha katika gari la kawaida, kwa nguvu ya mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Baadaye zikaja pampu za mafuta na mota za umeme. Mkono wa binadamu husikia paa likigoma na kusimama. Pampu huendelea kusukuma. Gari la namna hiyo likiletwa, kitu cha kwanza ni kulegeza vali ya pampu au kuzitenganisha silinda, ili fremu ijaribiwe kwa mkono.

Matengenezo yenyewe yalifuata mantiki hiyo. Mabaki ya ribiti yalitobolewa kwa drili. Bapa lililopinda halikupashwa moto. Lilinyooshwa baridi kwenye jiriwa, kati ya vipande viwili vya mbao ngumu, kidogo kidogo, likilinganishwa na pacha wake wa upande wa kulia. Mchoro wa kiwandani haukuwepo na haukuhitajika: upande mzima ndio mchoro, ukikumbuka tu kuugeuza kama picha ya kwenye kioo. Umbali wa pini ulipimwa kwa njia ninayowasihi mafundi vijana waishike. Weka pini zenye unene sawa kwenye matundu yote mawili, pima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, kisha toa unene wa pini moja. Kukisia kitovu cha tundu kwa macho hakutoshi kwa kazi ya milimita.

Tundu lenye umbo la yai lilipanuliwa hadi likawa duara, na mkereza akatengeneza bushi ya bronzi, shaba iliyochanganywa na bati, ikaingizwa kwa kukaza. Mahali pa ribiti pakawekwa bolti ambayo sehemu inayobeba kiungo ni laini, bila nyuzi. Nyuzi zikigusa tundu huanza kulikata siku ya kwanza. Washa nyembamba kila upande, nati yenye pete ya plastiki isiyojifungua, ikakazwa mpaka mchezo ulipoisha huku kiungo kikizunguka bila kukwama. Ndipo mshonaji alipoitwa. Upindo ulisogezwa mbali na kiwiko, kipande chembamba kikashonwa mahali pake, na mkanda wa ndani ukarudishwa. Ndoano za makomeo zilirekebishwa mwisho kabisa, mzunguko ule ule kila upande, na mpira wa mbele ukajaribiwa kwa ukanda wa karatasi uliobanwa na kuvutwa: ukitoka kwa urahisi, maji nayo yataingia kwa urahisi.

Nina kasoro mbili za kutaja katika kazi hii. Viungo vilipakwa mafuta ya injini, na katika vumbi la Lubudi hilo ni kosa. Nta au unga wa grafiti ungefaa, kwa kuwa havishiki vumbi. La pili ni zito zaidi. Ribiti ya kulia iliachwa, eti bado nzima. Imebeba mzigo uleule kwa miaka ileile, na sasa inashirikiana na kiungo kipya kisicho na mchezo hata kidogo, hivyo ulegevu wote wa fremu utaishukia yenyewe. Mkereza alikuwapo, mashine yake ilikuwa imepangwa kwa kipimo hichohicho, na kukereza bushi ya pili kungemchukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Mimi ningeibadilisha siku ileile.