Herufi Nne, Sauti Tele

Tazama maneno haya ya Kiingereza: though, through, tough, cough, bough. Jicho linaona ukoo mmoja wenye mkia wa ough, lakini sikio linakataa. Kwa tahajia yetu yangekuwa dho, thru, taf, kof na bau. Maana nazo zimetawanyika: ingawa, kupitia, gumu, kohoa, tawi. Linganisha na gleam, glitter na glow, ambayo yote yanaanza kwa gl na yote yanang'aa. Pale herufi zimebeba chembe ya maana. Katika ough hazibebi kitu, hata sauti moja ya kuaminika.

Wengi huuita huu uzembe wa Waingereza. Nadhani wanasoma upesi mno. Hiyo gh ilikuwa na kazi: iliwakilisha sauti ya kooni, jirani ya kh ya Kiarabu, ambayo Wajerumani wanayo hadi leo katika Nacht, ndugu wa night. William Caxton alipoanza kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, desturi ya kuandika gh ilikuwa imekwisha kuota mizizi, na uchapaji ukaikaza. Ndimi hazikusubiri. Baadhi ya wasemaji waliitupa sauti ile kabisa, wengine wakaisogeza hadi midomoni ikawa f. Sisi nasi tuliipunguza kh, na khabari ya maandishi ya zamani leo ni habari. Ila kwetu kalamu ilifuata ulimi.

Neno linalostahili kukaliwa kitako ni cough. Lilizaliwa kwa kuiga kitendo chenyewe, hewa ikikwaruza koo. Sauti ilipohamia midomoni, neno la kukohoa likaacha kukohoa. Anayesema kof leo hagusi koo mwishoni. Gh pekee ndiyo inayoonyesha mahali kikohozi kilipokuwa. Kohoa yetu, kwa h yake, bado inafanya kazi hiyo mdomoni.

Dough, yaani unga uliokandwa, hutamkwa do. Lakini kaskazini mwa Uingereza wapo waliolitamka neno hili kwa f, na matamshi hayo yakapata tahajia yake: duff, jina la aina ya pudini. Neno moja limegawanyika mara mbili, na aliyekula duff huenda hajui kuwa anakula dough.

Undugu wa kweli katika kundi hili uko kati ya through na thorough. Yalikuwa neno moja, na thorough ni umbo lake lililorefuka kwa mkazo. Kitu kilichofanywa thorough kimepitiwa kutoka upande hadi upande, na barabara kuu ikaitwa thoroughfare kwa maana hiyo hiyo ya kupitia. Hiccough, kwa upande mwingine, ni mgeni aliyejipachika nasaba. Ni hiccup tu, kwikwi, iliyovishwa cough na watu waliodhani kwikwi ni aina ya kikohozi. Hutamkwa hikap vilevile, mavazi yasitudanganye.

Wamarekani walijaribu kufyeka. Plow badala ya plough ilishika, na plau yetu ya shambani inaonyesha walisikia vizuri. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza wapiga chapa wa serikali watumie tho na thru. Bunge likapinga, naye akarudi nyuma. Thru ikabaki kwenye mabango ya barabarani na migahawa ya wenye magari.

Kwa msomaji wa historia, ough ni hazina, na ningesikitika kuiona ikifutwa. Kwa mwanafunzi wa darasa la tano ni dhuluma tupu. Walimu, msiwatungie watoto kanuni ya ough, maana haipo. Wafundisheni neno moja moja, kwa sauti, kamusi ikiwa mkononi.