Fisi Katika Bembezi: Kilio, Sauti na Uhakiki wa Maneno Matupu

Katika uhakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya, bembezi imepewa nafasi finyu. Aghalabu hutajwa katika orodha ya nyimbo, ikaelezwa kuwa lengo lake ni kumlaza mtoto, kisha mhakiki akaharakia nyimbo za jando na za harusi. Bembezi moja mashuhuri ya Wajaluo yatosha kuonyesha kasoro ya mtazamo huo. Ndani yake, mtoto anayelia anaonywa kwamba ataliwa na fisi. Msomaji akiyachukua maneno hayo jinsi yalivyo, atahukumu kuwa jamii hii hukizima kilio kwa vitisho.

Hukumu hiyo ni ya karatasi. Mtoto wa miezi sita hamjui fisi. Anachokijua ni kifua alichokiegemea, mkono unaompigapiga mgongoni, na sauti aliyoizoea. Mlezi stadi hamkaripii. Huanza kuimba kwa nguvu inayokaribiana na ile ya kilio chenyewe, halafu huishusha sauti kidogo kidogo hadi pumzi za wawili hao zioane. Kinachomtuliza mtoto, basi, ni kuwapo kwa mlezi. Maneno humhudumia zaidi mwimbaji, ambaye mara nyingi ni yaya, naye pengine ni msichana mdogo aliyeachiwa mtoto na mama aliyekwenda shambani. Kwa kumtaja fisi, msichana huyo hupata pa kuutulia uchovu na hofu yake bila kumdhuru mtoto aliyembeba.

Hata hivyo, hoja hii isitiwe chumvi. Mtoto huyo huyo afikapo miaka mitatu, maneno ameshayaelewa. Fisi sasa ni fisi. Akiimbiwa na mtu aliyesimama mlangoni, mbali na kitanda, bembezi imegeuka kuwa kitisho halisi, ilhali hapana hata silabi moja iliyobadilika. Matini ni ile ile. Utanzu, yamkini, si ule ule.

Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba uainishaji uzingatie muktadha na namna ya uwasilishaji. Wengi wameikubali kanuni hiyo kwa mdomo tu. Mwanafunzi aendapo nyanjani na kinasa sauti chake bado humwomba mama aimbe bembezi mchana kweupe, mikono mitupu, mtoto akiwa yuko shuleni. (Matini zinazopatikana hivyo ndizo zinazohakikiwa baadaye kwa takriri na tashihisi zake.) Na endapo mtoto yupo na akaanza kulia, kurekodi husimamishwa, ati kelele zimeharibu kazi. Kilio hicho ndicho nusu ya kwanza ya utendaji. Kikikatwa, hapana njia ya kujua wimbo ulianzia kwenye kimo gani cha sauti, ulirudiwa mara ngapi, wala mwimbaji alikuwa amefika wapi mtoto aliponyamaza.