Namna ya Kupima Ubora wa Filamu ya Ngano Iliyochorwa kwa Mkono

Filamu ya ngano iliyochorwa kwa mkono hupita mbele ya macho kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Mhuishaji huchora mchoro mpya kwa kila fremu, au huuacha mchoro mmoja ukae fremu mbili, hivyo sekunde moja ya mhusika mmoja mwenye kusogea hudai kati ya michoro 12 na 24. Snow White and the Seven Dwarfs ya studio ya Walt Disney, iliyooneshwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937, ina urefu wa dakika 83, na mara nyingi wahusika wake kadhaa husogea kwa pamoja. Hata hivyo, wingi wa michoro si kipimo cha ubora. Kipimo ni kama michoro hiyo imekipa uzito na fikra kiumbe ambacho hakijawahi kuwapo: kikikanyaga, ardhi ionekane kukipokea, kikinyamaza, mtazamaji ajue kinawaza nini. Mstari, rangi, mandhari na sauti hupimwa kwa jinsi vinavyolitumikia jambo hilo.

Uzito wa mwili

Kitu kizito huchelewa kuondoka na huchelewa kutulia. Mhuishaji stadi huonesha hali hiyo kwa kuisogeza michoro karibukaribu mwanzoni na mwishoni mwa tendo, na kuiachanisha katikati. Michoro ikiachana kwa umbali ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, mwili huelea. Dalili huonekana upesi miguuni: unyayo uliokwisha kukanyaga haupaswi kuteleza. Huonekana pia kwenye pindo la gauni na ncha za nywele, ambazo hufika baada ya mwili kusimama. Mhusika anayeruka hujikunja na kunyooka, lakini ujazo wake haupungui wala hauongezeki.

Umbo la binadamu ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa kila mtazamaji anaujua mwili wake. Kwa ajili ya Snow White, mcheza dansi Marge Champion aliigiza mbele ya kamera, na wahuishaji wakaitumia picha hiyo kuwa kielelezo. Njia hii ina mtego. Anayenakili kila fremu hupata mwendo sahihi usio na uhai, kwa sababu mstari hauwezi kuubeba mtikisiko mdogo mdogo wa misuli na ngozi. Aliye hodari huchagua mikao michache yenye maana, huikuza kidogo, na huiacha mingine. Filamu hiyo hiyo inaonesha pande zote mbili. Mwana wa mfalme aliwashinda wachoraji, na sehemu yake ikapunguzwa hata akabaki mwanzoni na mwishoni tu. Kibete Grumpy, ambaye maonyesho yake mengi muhimu yalihuishwa na Bill Tytla, si binadamu wa kawaida, lakini hatua zake zinaaminika zaidi.

Fikra na tabia

Katika ngano ya ndugu Grimm vibete saba hawana majina. Filamu ilimpa kila mmoja jina linalotaja tabia yake, kisha wahuishaji wakalazimika kulithibitisha jina hilo kwa mwendo. Vibete sita kati ya saba wana ndevu, na kimo chao ni karibu sawa. Kipimo kizuri ni kuwatazama kwa mgongo: kazi ikiwa bora, kila mmoja hutambulika kwa namna anavyopanga mabega na anavyotupa mguu. Dopey, asiye na ndevu wala maneno, aliongezewa na mhuishaji Frank Thomas mruko mdogo wa mguu wa kuwafikia wenzake waliotangulia. Mruko huo haukuwamo katika mpango wa awali, lakini unamweleza mtoto anayeachwa nyuma vizuri kuliko sentensi nzima ingeweza.

Fikra huonekana hasa mhusika anapobadili nia. Grumpy anapobusiwa kichwani huondoka kwa ghadhabu, mwendo ukalegea, uso ukalainika. Mtazamaji anayepima ubora huangalia kama badiliko la aina hiyo limepewa nafasi ya kutosha, au kama uso umerushwa kutoka hasira hadi furaha bila njia ya katikati.

Umbo lenyewe linaweza kuizuia fikra. Kazi ya filamu ya Disney Pinocchio, iliyotolewa mwaka 1940, ilisimamishwa ikiwa imekwisha kuanza kwa sababu mhusika mkuu alifanana mno na mbao. Mhuishaji Milt Kahl alimchora upya kwanza kama mvulana, kisha viungo vya mti vikaongezwa juu ya mvulana huyo.

Uso nao si lazima. Lotte Reiniger alitengeneza filamu ya mwana mfalme Achmed mjini Potsdam, karibu na Berlin, kati ya mwaka 1923 na 1926, kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Wahusika wake ni vivuli vilivyokatwa kwa mkasi kutoka karatasi ngumu nyeusi, vikaunganishwa viungo na kusogezwa fremu kwa fremu juu ya kioo chenye mwanga chini yake. Hawana macho ya kukodoa wala midomo ya kutabasamu. Hasira, hofu na mapenzi yote yamo katika ukingo wa mwili na pembe ya kiganja. Kazi hii inampa mhakiki jaribio linalofaa kwa filamu yoyote: mhusika akipakwa weusi mtupu, je, tendo lake bado linasomeka?

Mstari

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, michoro ya penseli katika studio za Marekani ilinakiliwa kwa wino juu ya seluloidi angavu, kazi iliyofanywa zaidi na wanawake. Mstari wa mpiga wino bora hunenepa na kukonda bila kutetemeka, na mara nyingi huwa na rangi inayokaribiana na sehemu inayozungushiwa, ili shavu lisizungukwe na waya mweusi. Filamu ya Disney One Hundred and One Dalmatians ya mwaka 1961 iliihamisha michoro ya penseli moja kwa moja kwenye seluloidi kwa mashine ya kunakili. Mstari ukawa mweusi na wenye mikwaruzo, lakini nguvu ya mkono wa mhuishaji ilibaki. Ukali huo ulifaa jiji la kisasa la London. Katika ngano ya makasri ungedai sababu.

Hadithi ya binti Kaguya, iliyoongozwa na Isao Takahata katika Studio Ghibli na kutolewa mwaka 2013, ilikuwa na sababu hiyo. Mistari yake imekatikakatika kama ya mkaa, na rangi ya maji huishia kabla ya kufika ukingoni mwa karatasi. Binti anapokimbia kutoka karamuni, mistari huchafuka pamoja na moyo wake. Ukwaruzaji hapo ni uamuzi. Kasoro ni ule unaojitokeza mahali pasipo na sababu.

Mandhari na rangi

Kina cha mandhari hutokana na matabaka. Kamera kubwa ya Disney, iliyotumiwa katika filamu fupi The Old Mill mwaka 1937, ilitazama chini kupitia vioo vilivyochorwa na kupangwa kwa nafasi, kila kioo kikisogezwa kwa kasi yake. Miti ya karibu hupita upesi na mlima hubaki. Matabaka yakitumika vizuri humwingiza mtazamaji mahali fulani kwa ajili ya tukio. Yakitumika kwa kujionesha, hadithi husimama kuisubiri kamera.

Filamu ya Disney Sleeping Beauty ya mwaka 1959 ni mfano wa mvutano huo. Mchoraji wa mandhari Eyvind Earle aliichorea miti ya pembe kali yenye majani yaliyohesabika, kwa mfano wa sanaa ya zama za kati za Ulaya, na filamu pana ya milimita 70 ikayaonesha yote kwa ukali. Mandhari ni ya fahari, lakini katika baadhi ya maonyesho inashindana na watu waliomo. Mchawi Maleficent, aliyechorwa na Marc Davis, hashindwi: kanzu nyeusi na zambarau yenye ncha humtenga na kila kilicho nyuma yake. Katika Snow White njia ilikuwa nyingine: mandhari ya rangi za maji zilizotulia, ili wahusika wenye rangi bapa waonekane bila kupiga kelele. Kanuni ni moja: jicho lijue pa kwenda kwanza.

Sauti na mkasi

Katika desturi ya Disney sauti hurekodiwa kwanza, kisha mchoro huifuata. Ubora haupimwi kwa midomo kulingana na herufi pekee, bali kwa mwili kuvuta pumzi kabla ya neno na kulisisitiza mahali lilipo zito. Mwigizaji Lucille La Verne alitoa sauti ya malkia na ya ajuza katika Snow White, na miili miwili tofauti ikaota kutoka koo moja. Japani desturi iliyozoeleka ni kurekodi baada ya kuchora, lakini Takahata alirekodi kabla; ndiyo maana mwigizaji Takeo Chii, aliyefariki mwaka 2012, anasikika akiwa mzee mkata mianzi katika hadithi ya Kaguya.

Ubora huonekana pia katika kilichoondolewa. Onyesho la vibete wakinywa supu katika Snow White, kazi ya mhuishaji Ward Kimball, lilikuwa limekwisha kuhuishwa kwa penseli lilipokatwa kwa sababu liliichelewesha hadithi. Kinyume chake ni kuazima: dansi ya mwisho ya Beauty and the Beast ya mwaka 1991 ilifuata michoro ya dansi ya Sleeping Beauty. Kuazima si aibu mwendo ukilingana na mhusika mpya. Huwa kasoro mwili wa pili unapokumbuka tabia ya wa kwanza.

Utaratibu wa kutazama

Onyesho litazamwe kwanza bila sauti, kuona kama tendo linasomeka. Kisha lisimamishwe fremu kwa fremu kukagua nyayo, ujazo na mstari. Mwisho litazamwe kwa kasi yake likiwa na sauti, kwa kuwa fremu moja iliyopotoka inaweza kuwa ndiyo inayoupa mwendo nguvu. Doa la rangi au mtikisiko wa mstari ni kasoro ndogo. Mwili usio na uzito na uso usio na nia ni kasoro zisizofidiwa na mandhari yoyote.