Taa ya zambarau haioni sumukuvu

Mwaga kilo moja ya mahindi juu ya kitambaa cheusi, funga madirisha, kisha mulika kwa tochi ya urujuanimno yenye miale ya nanomita 365. Punje karibu zote zitang'aa samawati iliyofifia, inayokaribia weupe. Hapo hakuna la kutisha. Kuta za seli za mahindi zina asidi ya feruliki, nayo hung'aa hivyo ikipigwa na miale hiyo. Endelea kupekua polepole. Kwenye punje iliyopasuka, au iliyotobolewa na mdudu karibu na kiini, huenda ukakutana na doa la njano yenye ukijani, linalowaka kuliko kitu kingine chochote mezani. Washa taa ya kawaida: doa limetoweka, na punje ile huwezi kuitofautisha na jirani zake.

Doa hilo limewafanya wengi waamini kuwa wameiona sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, kwa macho. Hawajaiona. Kwa mkoa kama Katavi tofauti hiyo ina uzito, maana hapa mahindi ndiyo chakula na ndiyo fedha. Mpanda, mkoani humu, ni mojawapo ya maeneo 8 nchini ambako Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) umejenga vihenge vya kisasa, pamoja na Babati, Dodoma, Makambako, Mbozi, Shinyanga, Songea na Sumbawanga. Gunia linalotoka Mishamo, Mwese au Katumba linaweza kuishia kwenye sufuria ya mtu aliye mbali sana na shamba lilikotoka. Na sumu yenyewe si ya mzaha. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki. Kenya, mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, wagonjwa walikuwa 317 na waliokufa 125. Kupika ugali hakuiondoi, kwa kuwa sumukuvu huvumilia moto wa jikoni bila shida.

Tuanze na mng'ao wenyewe. Elektroni za molekuli hukaa kwenye ngazi za nishati. Mwali wa urujuanimno ukiigonga molekuli inayoweza kuumeza, elektroni moja hurushwa ngazi ya juu. Huko haidumu. Molekuli hutikisika, sehemu ya nishati inaondoka kama joto, kisha elektroni inashuka na kuachia mwali mpya. Ni kama fedha za kwenye simu: makato yameshapita, kwa hiyo kinachofika mkononi ni pungufu ya kilichotumwa. Mwali wenye nishati pungufu una wimbi refu zaidi, na hapo ndipo miale isiyoonekana hugeuka kuwa samawati, kijani au njano tunayoiona. Wanasayansi huita jambo hili fluoresensi. Safari nzima humalizika ndani ya nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde, ndiyo maana ukizima tochi mng'ao hukatika papo hapo. Mishale ya saa inayoendelea kung'aa gizani hufuata njia nyingine, ambapo nishati hunaswa kwanza na kuachiwa kidogo kidogo. Kimulimuli naye yuko mbali na haya yote: anatengeneza mwanga wake kwa kemia ya tumboni mwake, hahitaji kumulikwa na mtu.

Aliyeonyesha wazi kwamba mwanga unaotoka una wimbi refu kuliko ulioingia ni George Gabriel Stokes, mwaka 1852, na dawa aliyoitumia inafahamika vizuri katika nchi zetu za malaria: kwinini. Aliutawanya mwanga wa jua katika rangi zake, akaisogeza chupa ya maji ya kwinini kupita rangi ya zambarau hadi kwenye giza ambako jicho halioni chochote, na huko ndiko maji yalikong'aa samawati.

Sasa, kwa nini vitu vingine hung'aa na vingine havina habari? Jibu liko kwenye umbo la molekuli. Sukari haina kabisa elektroni za kurushwa na miale ya nanomita 365. Vitu vingine vingi humeza miale hiyo vizuri, ila molekuli zao zina viungo vinavyocheza, hivyo nishati yote huishia kwenye joto. Zinazong'aa sana mara nyingi ni molekuli bapa na ngumu, zenye pete zilizoshikana, ambazo hazina pa kujinyonganyonga. Sumukuvu ya aina ya B1 ina pete 5 zilizoungana, na sehemu yake ya katikati ni kumarini, jamii ya kemikali maarufu kwa kung'aa. Ikimeza miale ya nanomita 365 hutoa samawati ya karibu nanomita 425. Aina ya G1 hutoa rangi inayoelekea kijani, karibu nanomita 450.

Kung'aa huko ndiko kulikoifichua sumu hii tangu mwanzo. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na lawama zikaangukia mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Afrika Mashariki nayo imo katika kisa hicho, kwani ukungu wa Aspergillus flavus ulitengwa kutoka kwenye sampuli ya karanga za Uganda iliyokuwa na sumu kali. Watafiti walipotandaza kimiminika cha sumu kwenye bamba la maabara na kulimulika kwa urujuanimno, madoa yalijitokeza, mengine ya samawati na mengine ya kijani. Herufi B na G zinazotumika hadi leo ni za majina ya rangi hizo kwa Kiingereza.

Kama sumukuvu hung'aa yenyewe, kwa nini basi tochi yetu haiioni? Kwanza ni uchache wake. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu zote, na 5 kwa B1 peke yake. Mikrogramu 10 kwa kilo maana yake ni gramu 1 katika tani 100. Pili, samawati yake inazama ndani ya samawati ya punje yenyewe. Lile doa la njano-kijani linatokana na kitu kingine kabisa. Ukungu unaotoa sumukuvu, Aspergillus flavus, hutoa pia asidi ya kojiki. Ndani ya punje iliyo hai mna kimeng'enya kinachoitwa peroksidasi, na asidi hiyo ikikutana nacho huzaliwa kemikali inayong'aa njano-kijani. Kwa hiyo tochi inaona nyayo za ukungu, tena za ukungu uliopita wakati punje ingali hai.

Makosa mawili yanafuata hapo, na hayalingani kwa hatari. La kwanza ni la hasara tu: baadhi ya ukungu wa Aspergillus flavus hutoa asidi ya kojiki bila kutoa sumu, kwa hiyo gunia jema linaweza kukataliwa. La pili ndilo linaloua. Punje iliyokaushwa kwa joto kali hadi peroksidasi ikaharibika, au iliyokufa kisha ikaloana ghalani na kuota ukungu, inaweza kubeba sumu bila kuonyesha doa lolote. Mahindi yaliyolundikwa chini kwenye sakafu yenye unyevu, mahali ambapo hofu yetu inapaswa kuwa kubwa zaidi, ndipo tochi inapoweza kunyamaza.

Kuna pia tatizo la hesabu, ambalo nadhani ni zito kuliko la kemia. Sumukuvu haisambai sawasawa katika gunia. Imewahi kupimwa punje moja ya mahindi yenye zaidi ya mikrogramu 400,000 kwa kilo. Tuseme punje hiyo ina uzito wa gramu 0.35: inabeba mikrogramu 140. Gawanya kwa 10, unapata kilo 14. Punje moja tu, ikisagwa pamoja na kilo 14 za mahindi safi kabisa, karibu debe zima, inaufikisha unga wote kwenye ukomo wa kisheria. Gunia la kilo 100 lina punje zipatazo 300,000. Mtu anayemulika viganja viwili vya mahindi kutoka mdomoni mwa gunia hajakagua kitu.

Maabara nayo hutumia fluoresensi, ila kwa mpangilio mwingine. Sampuli huchotwa kwa bambo sehemu nyingi za gunia na magunia mengi ya shehena, inachanganywa, inasagwa yote. Unga huoshwa kwa mchanganyiko wa methanoli na maji, maji yake yanachujwa na kupitishwa kwenye mrija mdogo wenye kingamwili zinazoishika sumukuvu na kuachia mengine yote yapite. Hapo ile samawati ya feruliki iliyotusumbua mwanzoni inaondoka. Sumu iliyonaswa huoshwa tena kwa methanoli na kuingizwa kwenye mashine inayotenganisha aina zake nne. Hata hapo kuna mtego: B1 na G1 zikiwa ndani ya maji hufifia sana. Mafundi huzitendea kwa bromini au asidi, au huzipitisha kwenye mwanga wa urujuanimno, ili zibadilike na kuwaka vya kutosha. Kisha kigunduzi hupiga miale ya karibu nanomita 360 na kusoma inayorudi karibu na 440. Kinachotoka ni namba, na namba hailingani na macho ya mtu aliyekodolea tochi gizani.

Hapo hapo Mpanda kanuni hii ya mng'ao inafanya kazi nyingine ambayo wachimbaji wadogo wanaijua kwa faida yake. Kwenye masoko ya madini yaliyoanza nchini mwaka 2019, usafi wa dhahabu hupimwa kwa mashine ya XRF. Hiyo nayo ni fluoresensi, isipokuwa miale inayopigwa ni ya eksirei na elektroni zinazoguswa ni za ndani kabisa ya atomi, ambazo haziathiriwi na umbo la molekuli. Kila elementi hurudisha eksirei ya nishati yake maalumu, na mashine husoma asilimia ya dhahabu, fedha na shaba bila kuyeyusha kipande. Mnunuzi wa dhahabu hakubali kupima kwa macho. Sioni kwa nini mnunuzi wa mahindi akubali.

Sisemi tochi itupwe. Kwa shilingi chache inamsaidia mwenye ghala kulitenga gunia la kutiliwa shaka kabla halijachanganywa na mengine, mradi awe na tochi ya nanomita 365. Zile rahisi za nanomita 395 humwaga zambarau nyingi hadi doa halionekani. Asiitumie kupitisha gunia. Na kabla ya tochi, fedha iende kwanza kwenye turubai la kuanikia na kipima unyevu, ili mahindi yaingie ghalani yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Punje zilizopasuka na zenye ukungu zitolewe kwa mkono wakati wa kupepeta.

Soko limekwisha toa uamuzi wake. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Ilipofungua mlango siku chache baadaye, ilidai cheti kinachoonyesha kuwa kiwango hakivuki mikrogramu 10 kwa kilo. Cheti hicho hutolewa kwa kipimo cha maabara.